Jezi Seti Mbili: Nani Aliuza Picha Zetu?

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wetu, Makambako. Wengi mliniomba maandishi kwenye grupu, nikaona niyaweke hapa kwa wote. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimetoa tu salamu ndefu na ile sehemu jenereta lilipozima.)



Walionitangulia wameongelea bei ya mbolea na daftari la wapiga kura, mambo mazito. Mimi nimepewa dakika ishirini niongelee haki za matangazo ya televisheni kwenye michezo ya vyuo, na tayari naona wengine mmeshika simu. Nawaelewa. Mtu anajiuliza, huyu kapotea njia? Huku kwetu chuo gani kinaonyeshwa kwenye televisheni?

Basi naomba nianze na kosa langu mwenyewe, halafu mtaona kama nimepotea.

Mwaka 2023 nilikuwa waziri wa michezo kwenye serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja cha mkoa huu wa Njombe. Chuo sikitaji, maana aliyekosea ni mimi, siyo chuo. Tulikuwa na bonanza la vyuo, na fainali tulikuwa tunakutana na wenzetu wa hapa Makambako. Siku tatu kabla ya fainali akaja jamaa mwenye televisheni ya mtandaoni. Kijana mchangamfu, ana kamera mbili na droni. Akasema, waziri, mechi hii nairusha mbashara, dunia nzima iwaone. Mimi nikaona hapa nimepiga hatua. Akatoa karatasi moja. Juu imeandikwa MAKUBALIANO, chini kuna mstari wa kusaini. Katikati kuna maneno ambayo niliyasoma miezi minne baadaye: chuo kinampa huyu bwana haki zote za picha na matangazo ya mchezo huo, kwa matumizi yoyote, bila kikomo cha muda.

Nilisaini nikiwa nimesimama, karatasi nimeilaza kwenye boneti ya gari lake. Tukapata jezi seti mbili, mipira mitatu na katoni nne za maji.

Sasa hebu kumbukeni ulikuwa mwezi gani. Ulikuwa Juni 2023. Tarehe 10 ya mwezi huo Bunge liliridhia yale makubaliano ya bandari na Dubai. Kwenye grupu letu mimi ndiye niliyekuwa nakesha. Naandika kwa herufi kubwa: mkataba usio na kikomo ni mkataba gani! Wananchi hawakusomewa! Mchana natoka kuandika hayo, naenda kusaini wa kwangu usio na kikomo, na wachezaji wangu ishirini na wawili sikuwasomea hata mstari mmoja. Cheka tu, kamanda, hata mimi nilicheka. Baadaye.

Fainali ikachezwa. Dakika ya themanini na kitu, matokeo sare, wenzetu wa Makambako wakapata penalti. Golikipa wetu akaruka kulia, akaupangua. Mpira ukarudi kwa mpigaji, golikipa akainuka na kuukimbilia kwa miguu, akauzuia mara ya pili. Wakagongana. Goti likageuka upande usiotakiwa. Waliokuwepo uwanjani wanakumbuka ile sauti.

Golikipa huyo yuko humu ndani leo. Ameniomba nisimtaje jina, na sitamtaja.

Mama yake aliuza magunia tisa ya viazi aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya mbegu na ada ya mdogo wake, goti likapigwa picha na kushughulikiwa. Chuo kilitoa pole na nauli. Mimi nilipitisha daftari la michango, tukapata kiasi ambacho naona aibu kukisema. Kisha mwezi Oktoba, akiwa bado na magongo, binamu yake wa Tunduma akamtumia video WhatsApp. Ni tangazo la kampuni ya kubeti. Anaruka kulia, anapangua, anainuka, anazuia. Chini kuna maandishi ya kuhimiza watu waweke mkeka. Kipande kimekatwa pale miguu inapokutana, sekunde moja kabla hajaanza kupiga kelele.

Akanipigia. Hakutukana. Aliniuliza tu, "Waziri, hapo mimi nimelipwa shilingi ngapi?"

Ndiyo nikaitafuta ile karatasi nikaisoma.

Nilienda kuuliza kwa watu wanaojua sheria, na nikasoma mwenyewe kwa kadiri ya akili yangu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Inamlinda mtu aliyetengeneza filamu, inamlinda mrushaji wa matangazo, inamlinda mwimbaji, mwigizaji na mcheza ngoma. Golikipa hayumo. Kudaka penalti hakuhesabiki kama kazi ya sanaa. Kwa hiyo yule jamaa wa kamera ana haki juu ya picha alizopiga, na mtu aliyezifanya picha hizo ziwe na thamani hana. Palipo na mwanga kidogo ni kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, yaani mwezi mmoja kabla sijasaini. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa za mtu zilizochukuliwa kwa kusudi fulani zisigeuzwe kwa kusudi jingine. Sura ya mtu ni taarifa yake. Kumrekodi akicheza fainali ni kusudi moja, kumtumia kuuza mikeka ni jingine kabisa. Lakini nani alimwambia golikipa kwamba hiyo njia ipo? Na yule jamaa ana karatasi yenye saini ya waziri.

Makamanda, swali hili la nani kauza na nani alimruhusu ni la zamani, na tumelishuhudia hapahapa nchini. Mwaka 2013 TFF ilipoingia mkataba na Azam Media wa kuonyesha Ligi Kuu, Yanga waligoma. Kila klabu ilipangiwa Sh milioni 100 kwa msimu, sawa kwa sawa. Yanga wakasema mechi zetu ndizo zinaangaliwa nchi nzima, tunalipwaje sawa na timu iliyopanda jana? Tena wakasema mwenye televisheni ana timu yake kwenye ligi hiyohiyo. Mashabiki wa Simba mlicheka sana wakati ule, nawakumbuka. Lakini swali lilikuwa halali: nani ana mamlaka ya kuuza mchezo wangu? Mwishowe mechi zao zilionyeshwa kama za wengine, na biashara ikakua. Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba mwingine wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Ukigawa kwa wastani ni bilioni 22 na nusu kwa msimu. Watu walewale, mpira uleule, ila thamani ya picha imepanda.

Kwa michezo ya vyuo hasa, inabidi twende Marekani, maana wao ndio waliogeuza mpira wa wanafunzi kuwa biashara ya televisheni kuliko taifa lolote. Na ukisoma kesi zao utadhani unasoma mgogoro wa Yanga.

Kule chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kinaitwa NCAA. Zamani chombo hicho peke yake ndicho kilichouza mechi za mpira wa Marekani kwa televisheni, na kiliweka kikomo: chuo kisionekane zaidi ya mara sita katika miaka miwili. Vyuo vikubwa, Oklahoma na Georgia, vikaenda mahakamani. Kuna mfano mmoja kwenye hukumu unaofurahisha. Mwaka 1981, wikiendi moja, Oklahoma walicheza na Southern California, mechi ikarushwa na vituo kama mia mbili. Wikiendi hiyohiyo The Citadel wakacheza na Appalachian State, ikarushwa na vituo vinne. Timu zote nne zikalipwa kiasi kilekile. Unaona? Hayo ndiyo maneno ya Jangwani yenyewe, miaka thelathini kabla.

Juni 1984 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ikavipa vyuo ushindi, majaji saba kwa wawili. Mmoja wa wale wawili waliopinga alikuwa Jaji Byron White, ambaye ujanani mwake alikuwa nyota wa mpira huohuo katika Chuo Kikuu cha Colorado. Aliona kwamba ukiacha kila chuo kiuze chenyewe, michezo ya wanafunzi itageuka biashara kama nyingine. Na ndivyo ilivyokuwa. Hela zikamwagika. Mwaka 2010 mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo peke yake yaliuzwa kwa CBS na Turner kwa miaka 14, dola bilioni 10.8. Makocha wakawa matajiri, viwanja vikajengwa.

Sasa ndiyo nauliza kama alivyouliza golikipa wetu. Mchezaji alilipwa shilingi ngapi?

Ada na malazi. Basi. Akipokea hata kidogo kwa jina lake au sura yake, anafungiwa. Chombo kiligombana na vyuo juu ya nani auze, na katika ugomvi wote huo mchezaji hakuwa na kiti mezani. Alikuwa ndiyo bidhaa. Ed O'Bannon, aliyechukua ubingwa wa kikapu na UCLA mwaka 1995, siku moja alikuwa kwa rafiki yake akaona mtoto wa nyumba ile anacheza mchezo wa video, na ndani yumo yeye: jezi namba 31, mkono wa kushoto, kila kitu. Hakuombwa, hakulipwa. Akafungua kesi mwaka 2009. Mwaka 2014 jaji Claudia Wilken akasema kanuni zile za kumnyima mchezaji zinavunja sheria ya ushindani. Rufaa zikapunguza ushindi wake, lakini ukuta ulishapata ufa. Julai 2021 wachezaji wakaanza kuruhusiwa kupata hela kwa majina na sura zao. Juni 2025 jaji yuleyule akaidhinisha makubaliano makubwa: dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka ya nyuma, na vyuo kuruhusiwa kugawa mapato moja kwa moja kwa wachezaji wao, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa chuo kwa mwaka wa kwanza.

Kutoka 1984 hadi 2025 ni miaka 41. Golikipa aliyeumia goti mwaka 1984 kule Oklahoma leo ni babu. (Nimeambiwa mpira wao hauna golikipa. Sawa, lakini mmenielewa.)

Kuna mtu hapa atanijibu, na amekuwa akinijibu tangu asubuhi kwa uso: kamanda, sisi siyo Oklahoma. Mechi yetu iliangaliwa na watu elfu kadhaa YouTube. Ukianza kudai hela, yule jamaa wa droni hatapanda tena mlima kuja Njombe. Kuonekana kwenyewe ndiyo malipo.

Hoja hiyo siidharau, na nitawaambia kwa nini. Msimu wa 2017/18 Njombe Mji walicheza Ligi Kuu. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Yanga walikuja Sabasaba, Simba walikuja Sabasaba. Mnakumbuka ile baridi, watu na makoti yao, ulanzi unauzwa nje ya uzio? Jioni kwenye vibanda umiza tuliangalia marudio, siyo tena ya mechi ya Dar, ya uwanja wetu. Ukiona mti unaoujua kwenye televisheni unajisikia nchi hii na wewe umo. Msimu uliisha, timu ikashuka, kamera zikashuka na barabara ya Makambako na sisi tukabaki na viazi vyetu. Kwa hiyo najua kuonekana kuna thamani. Kijana wa Wanging'ombe au Ludewa anayecheza vizuri, bila kamera nani wa Dar atamjua? Ndondo Cup iliyoanzishwa Dar mwaka 2014 na mtangazaji Shaffih Dauda ilionyesha kwamba hata mpira wa mtaani ukiwekewa kamera na mtangazaji mzuri, watu wanakaa kuangalia, na wadhamini wanakuja. Bonanza la vyuo halina tofauti. Siku moja atakuja mtu na hela za kweli kununua michezo ya vyuo, na atakuta karatasi kama ile yangu zimejaa kwenye makabati.

Ndiyo maana mimi sisemi tudai hela leo. Hela hakuna, tusidanganyane. Nasema tudai masharti leo, wakati ni ya bure. Mwenye kamera asiyekulipa kitu hana sababu ya kukataa kuandika kwamba anarusha mechi hiyo moja na marudio yake kwa msimu mmoja, basi. Hana sababu ya kukataa kuandika kwamba akitaka kukata kipande chenye sura ya mtu akiweke kwenye tangazo, atamfuata mtu huyo, siyo waziri, na bei watapatana wenyewe. Akikataa hayo mawili, ujue ana mpango nayo.

La tatu nimelibishania sana na wenzangu, na bado naamini niko sahihi. Chochote kinachopatikana, hata kama ni laki moja ya mdhamini wa bango, kianze kulipa bima ya wachezaji kabla ya jezi. Wenzangu wanasema jezi ndiyo zinaleta wadhamini. Labda. Lakini jezi zile seti mbili zilishachakaa, na goti bado linauma mvua ikinyesha, na Njombe mnajua mvua yake. Mwanafunzi analipa hela ya michezo kila mwaka pamoja na ada, iko kwenye fomu ya kujiunga. Serikali ya wanafunzi iulize kwa maandishi: katika hela hiyo, ya matibabu ya anayeumia uwanjani ni ngapi? Mimi nilikuwa waziri mwaka mzima na sikuwahi kuuliza. Niliuliza za nauli na posho ya fainali.

Na jambo la mwisho, la nyinyi mlio vyuoni sasa hivi, hasa mnaogombea uongozi mwaka huu. Waziri wa michezo asisaini peke yake. Nahodha awe na saini yake pembeni, na karatasi isomwe kwa sauti mbele ya timu kabla ya mazoezi. Inachukua dakika tano. Mimi zile dakika tano nilizitumia kupiga picha na droni.

Nimeandika mfano wa makubaliano, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Mwanasheria mmoja rafiki wa chama amenisaidia bila malipo, na mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, awe wa chama chetu au wa kile kingine, mpira hauna kadi. Nimetoa nakala thelathini pale stationari ya stendi. Aliyeusoma wa kwanza ni golikipa wetu. Amekaa nao siku mbili, akaurudisha una alama ya kalamu nyekundu kwenye mstari wa nne, pale nilipoandika "mchezaji ataarifiwe". Amefuta, ameandika "mchezaji akubali". Zile nakala thelathini zina neno la zamani, kwa hiyo ukichukua yako, rekebisha kwa mkono kabla hujaipeleka chuoni.